Alama za fabriki ku magazini ya bunduki: maswali yenye mnaniuliza kila siku

Nilikaa miaka mingi mu atelye moja ya bunduki za kuwinda upande wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kusafisha, kubadilisha resori, na kumwambia mtu "hii imeoza, achana nayo". Toka niache ile kazi simu hainyamazi, na maswali ni yale yale: hii alama ni nini, hii nimero itanifikisha wapi, polisi akiiona atasoma nini. Basi nimeyakusanya hapa, nisikuwe najibu kila mtu ku WhatsApp saa tano ya usiku. Mimi sio avoka, kesi yako kama imeshafika ku parke usinitafute mimi.

## Mambo ya kwanza

Magazini ni nini? Ni kitu kimoja na sharjeri?

Kitu kimoja. Sharjeri tumeitoa mu Kifaransa, wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema magazini, na hapa nitaandika magazini ili wote tusikilizane. Ni kile kisanduku cha kubeba risasi, chenye kupachikwa chini ya bunduki. Ukikifungua unapata vipande vinne: mwili, resori, kile kipande chenye risasi inakalia (mu atelye tulikiita kiti), na kifuniko cha chini. Shika hiyo hesabu ya vinne, itarudi huko mwisho.

Na magazini sio risasi. Najua unacheka, lakini kuna papa mmoja alinipigia na presha juu "nimepoteza sharjeri", kumbe ni kartushi tatu zilidondoka mu gari ya shemeji yake.

Alama zake ziko wapi, na fabriki inaziweka juu ya nini?

Ku magazini ya chuma angalia mgongo, ubavuni karibu na mdomo, na chini ya kifuniko. Ku ya plastiki angalia ubavuni kwa chini, na ndani pia. Mwangaza wa simu uuweke wa pembeni, sio wa mbele, hapo mistari midogo inatokea vizuri.

Watu wanafikiri alama iliwekwa kwa ajili ya polisi. Hapana, fabriki inajiwekea yenyewe. Magazini elfu kumi zikitoka na mdomo umepinda, chefu wa fabriki anataka ajue zilipita ku mashini gani, mu kalibu gani, mwezi gani. Muhuri mwingine ni wa yule mtu wa kukagua, alipitisha akagonga chapa yake akaenda kula. Ni alama za kazi, kama fundi wa matofali mwenye anaandika kidole chake mu udongo ajue gani ni ya kwake.

Magazini yangu iko na tarakimu 7 peke yake, na ya rafiki yangu pia iko na 7. Ni nimero ya seri? Mmoja wetu aliibiwa?

Hakuna mwenye aliibiwa. Ile 7 karibu kila mara ni nimero ya kalibu, maana yake plastiki ilimwagwa mu kalibu ya saba. Kila kitu chenye kimetoka mu hiyo kalibu kinabeba 7, na ni maelfu. Nimero ya seri ni kitu kingine kabisa: inapewa kitu kimoja tu, hairudiliwi. Bunduki iko nayo. Magazini kwa kawaida haiko nayo. Hii ndiyo swali nimejibu kuliko yote, kwa hiyo uisome mara mbili.

## Kusoma alama

Kwa Kalashnikov, naweza jua nchi kwa kuangalia alama?

Mara nyingi ndiyo. Zenye utakutana nazo sana ni hizi: pembetatu yenye mshale ndani ni Izhevsk, kule Urusi. Nyota ni Tula, Urusi pia. Namba 10 ndani ya duara mbili ni Bulgaria, fabriki ya Kazanlak. 11 ndani ya duara la kulala ni Radom, Poland. 66 ndani ya pembetatu ni China.

Sasa pembetatu ndiyo inadanganya watu. Romania nao, fabriki ya Cugir, walitumia pembetatu yenye mshale, lakini mshale wao ni mtupu, wa Izhevsk uko na manyoya nyuma kama mshale wa kuwindia. Ku chuma yenye imekulwa na kutu manyoya yanapotea ya kwanza, halafu mtu anakuapia "hii ni Mrusi, hii ni original". Kaa kimya tu.

Saa ingine umbo linasema mbele ya alama. Nyingi za China ziko na mgongo laini, hazina ule mshono mnene wa nyuma. Za Yugoslavia zilitengenezwa hivi: risasi ya mwisho ikitoka, kiti kinazuia bunduki isijifunge, inabaki wazi, unajua imeisha. Na zile za plastiki nyekundu, rangi ya mawese yenye imekaa mu chupa mbele ya jua, zote watu wanaziita bakelaiti, kumbe ni plastiki ingine ngumu yenye kuchanganywa na nyuzi za kioo. Jina la makosa lakini limeshabaki.

Ku magazini ya plastiki naona kitu kama saa ndogo yenye mshale. Ni kode ya siri?

Hakuna siri hapo. Nenda ku depo ya bia, chukua kreti ya plastiki, igeuze: mara nyingi utapata saa ile ile. Ni kiduara chenye namba 1 mpaka 12, mshale unaonyesha mwezi, katikati iko na tarakimu mbili za mwaka. Mshale ukiwa ku 4 na katikati ni 13, ni mwezi wa nne 2013. Fundi wa fabriki anageuza hako kamshale mu kalibu na bisibisi. PMAG za Magpul, zile magazini za plastiki zenye Wamarekani wanapenda sana, ziko nayo, na vyombo vingi vya plastiki pia.

Inakuambia siku ya kuzaliwa, haikuambii mzazi alimuuzia nani.

Magazini yangu haina alama hata moja. Ilifutwa? Ni ya wizi?

Si lazima. Kuna fabriki na mikataba ya jeshi yenye haikuandika kitu. Kuna zenye zilipigwa rangi nzito mara tatu, alama ikalala chini ya rangi. Na kutu ya kwetu, mvua za mwezi wa kumi na mbili na nyumba yenye bati linavuja, inakula chapa nyembamba bila kuomba ruhusa.

Kufutwa kunaonekana tofauti: sehemu moja imelimwa, iko na michirizi ya lima au ya mashini, inang'aa kuliko pande zingine. Ukiona hivo, usinunue. Juu ya kufuta kuna swali lake kule mwisho.

Alama inaweza kuwa ya uongo?

Sana tu. Kuna magazini za kuchezea, za bunduki za plastiki za mchezo, ziko na alama za fabriki kubwa vizuri kabisa. Na wauzaji wa vitu vya kukusanya wanajua nyota inapandisha bei, basi nyota inazaliwa. Kwa hiyo alama peke yake usiibebe kama ushahidi wa mwisho, angalia pamoja na umbo, uzito, rangi, na namna vipande vimeungwa.

## Kufuatiliwa

Polisi wakiokota magazini yangu njiani, wanaweza kufika ku mlango yangu kwa alama tu?

Kwa alama ya fabriki tu, hapana. Kufuatilia kitu kunadai mambo mawili: kitu kiwe na nimero yake peke yake, na kuwe na daftari mahali fulani lenye liliandika ile nimero na jina la mtu. Magazini ya kawaida inakosa yote mawili. Ukiniletea ya Bulgaria ya mwaka fulani nitakuambia Bulgaria na mwaka, basi, niko nimemaliza.

Lakini usilale usingizi mzito. Kwa wachunguzi alama bado ni msaada, juu magazini 40 za fabriki moja na mwaka mmoja zikipatikana mahali pamoja, hiyo inaonyesha zilitoka mu sanduku moja, shehena moja, na hapo wanaanza kuandikia nchi yenye ilitengeneza waulize waliuza kwa nani. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa Congo, lenye lilianzishwa na azimio 1533 mu 2004, kazi yake moja ni hiyo ya kufuatilia silaha. Wanatafuta njia ya shehena, sio wewe na magazini yako moja.

Basi bunduki yenyewe inafuatwa namna gani?

Kwa nimero ya seri, ile ya ku mwili. Chukua Marekani kama mfano juu wao wameiweka wazi: ofisi ya ATF, idara ya serikali yao ya kusimamia silaha, yenye inafanya hiyo kazi iko Martinsburg, West Virginia. Wanapiga simu kwa fabriki, fabriki inasema tuliuzia muuzaji wa jumla fulani, huyo anasema nilipeleka ku duka fulani, duka linafungua fomu 4473, yenye mnunuzi anajaza dukani, na hapo ndipo jina la mnunuzi wa kwanza linatoka. Wa kwanza, angalia vizuri. Akishaiuza kwa jirani, njia inaweza kukatika hapo.

Na risasi nayo inasema zaidi kuliko magazini. Ku kitako cha ganda la risasi ya jeshi kuna kode ya fabriki na tarakimu za mwaka. Mu atelye mzee wetu alikuwa anaanza kusoma kitako cha ganda mbele hata ya kuangalia bunduki.

Sheria za dunia hazilazimishi magazini iwe na nimero?

Hapana. Mu 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha mpango wa kutambua na kufuatilia silaha ndogo ndogo. Unasema kila silaha ikitengenezwa ipewe alama yake ya peke yake, na iwekwe ku sehemu ya msingi ya silaha, yaani mwili, na unashauri sehemu zingine kama mtutu pia. Kumbukumbu za fabriki zishikwe angalau miaka 30, zingine kama za kuingiza na kutoa nchini angalau 20. Magazini haikuwekwa mu lazima.

Kwetu huku kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004, Congo ilitia sahihi, na kuna Mkataba wa Kinshasa wa 2010 wenye ulianza kufanya kazi 2017. Zote mbili zinasukuma kuweka alama ku silaha. Ukiona bunduki ya serikali iko na vitone vidogo vya mashini vyenye kuandika kode ya nchi, ni hiyo kazi. Kwa magazini usitafute vitone.

Nilinunua magazini ya mkono wa pili. Ikiwa ilitumika mu kosa, ni mimi nitabeba?

Alama haitakubebesha. Kinachoweza kukuletea shida ni vitu vingine. Moja ni vidole: magazini inashikwa sana, risasi zinasukumwa na dole gumba moja moja, kwa hiyo ni mahali pazuri pa alama za vidole. Ingine ni mikwaruzo, juu mdomo wa magazini unakwaruza ganda kila risasi ikipita na mtaalamu anaweza kulinganisha mikwaruzo hiyo na magazini yenyewe. Kwa hiyo swali la polisi halitakuwa "hii ni ya fabriki gani", litakuwa "ilikuwa mkononi mwa nani siku ile".

Hapo ndipo karatasi inakusaidia. Andika siku ulinunua, kwa nani, na bunduki gani, muuzaji atie sahihi. Akikataa sahihi umeshapata jibu lako, rudisha pesa mfukoni.

## Kwetu Congo

Niko na papiye ya bunduki ya kuwinda. Magazini nayo inaandikwa humo?

Mu papiye zote zenye zilipita mikononi mwangu, kinachoandikwa ni bunduki: marki, kalibri, nimero. Magazini inafuata bunduki yake, kama kifuniko na sufuria. Sheria yenyewe ni ordonansi ya 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985 juu ya silaha na risasi, na kuwinda kuko na sheria yake ya 28 mei 1982. Papiye ya bunduki na permi ya kuwinda ni vitu viwili, moja haijibu mahali pa ingine, na ku bariyeri watakuuliza zote.

Ushauri wangu: ukisafiri, magazini iwe tupu na iwe ya bunduki yenye iko mu papiye. Ukiwa na karabini ya kuwinda halafu mu mfuko mnatoka magazini ya Kalashnikov, hakuna mtu atakusikiliza juu ya kalibu na saa ndogo. Ile ni kitu cha silaha ya vita, na raia hana ruhusa nayo.

Babu alikufa, tumepata magazini ya zamani mu plafon. Tufanye nini?

Mama mmoja wa Katuba aliniletea moja mu sashe nyeusi, imefungwa mu gazeti, juu yake ameweka sombe ili isionekane. Ilikuwa ya FAL, magazini ya risasi 20, bunduki ya Wabelgiji wa Herstal yenye ilizunguka sana Katanga mu miaka ya 1960. Kutu imeshika resori, kiti hakipandi. "Papa, hii iko na jina ya marehemu?" Nikamwonyesha, hapana mama, hakuna jina, hizi ni chapa za fabriki. Machozi yakamtoka, alikuwa hajalala siku tatu.

Makosa yangu: nikaiweka ku atelye siku mbili nikisema nitaipeleka. Siku ya pili akaingia mtu wa kukagua, na ikabidi nieleze kwa saa nzima kitu chenye hakikuwa changu. Kwa hiyo nyinyi msifanye kama yule mama, na msifanye kama mimi. Usiipakie mu taksi bisi, usimpelekee fundi. Iache pale ilipo, watoto wakae mbali, ita chefu wa kartye au avoka, wao waite polisi wakuje kuichukua, na mwombe karatasi yenye inasema walipokea nini, siku gani, kwa nani. Hiyo karatasi itunzeni pamoja na zile za kiwanja.

Mimi niko na kalibri 12, au pupu, ile bunduki ya kienyeji ya kutengenezwa na fundi. Haya yananihusu?

Kalibri 12 nyingi za kwetu hazina magazini ya kutoa, ni za mitutu miwili za kukunja, au ziko na bomba la kubeba kartushi. Alama zako ni za ku mtutu na ku mwili, hizo ndizo ziko mu papiye.

Pupu haina alama juu fundi wake hakutaka ijulikane. Hapo hakuna swali la kusoma.

## Ndugu zetu wa Marekani

Mudogo wangu yuko Dallas, amenunua bunduki ya AR-15 kwa sheria. Anauliza kama magazini zake ziko na nimero ku serikali.

Kwa sheria ya shirikisho, hapana. Iliwahi kuwa kidogo: toka 13 septemba 1994 mpaka 13 septemba 2004, magazini mpya za zaidi ya risasi 10 zilikatazwa kwa raia, na zile za polisi na jeshi zilitakiwa kuwa na maandishi ya kuonyesha zilitengenezwa kisha ile tarehe. Ndiyo maana mpaka leo anaweza kukuta magazini ya kawaida kabisa dukani imeandikwa kwamba ni ya polisi na serikali tu, akashtuka. Ile sheria iliisha. Yale maandishi yamebaki kama bango la kampeni ya zamani.

Lakini majimbo yako na yao. Colorado iliweka risasi 15 kuwa mwisho, na magazini kubwa kuliko hapo zenye zilitengenezwa kule Colorado toka 1 julai 2013 lazima ziwe na alama ya kudumu. Massachusetts kwa miaka mingi iliangalia kama ilikuwa tayari mkononi mwa mtu mbele ya ile tarehe ya 1994. Huko ndiko ile saa ndogo inakuwa kitu cha maana, juu inaweza kukutetea au kukufunga. Texas haina hiyo shida, ila akihama, asome sheria ya jimbo mbele ya kupakia gari.

Anaweza kunitumia moja, kama zawadi, mu koli ya nguo?

Hapana, hapana. Kutoa magazini nje ya Marekani kunadai ruhusa yao, na kuingiza hapa ni kesi ingine. Atume viatu.

## Kesi za pembeni

Naweza kuandika jina au namba yangu juu ya magazini yangu?

Ndiyo, na ni mazuri. Wawindaji wengi wanaweka 1, 2, 3 na rangi ku kifuniko, ili ile yenye inakwama ijulikane. Usitoboe, usiharibu chapa ya fabriki, weka mahali patupu. Mu jeshi nyingi pia wanaandika nimero za ghala, kwa hiyo ukikuta rangi nyeupe na 214, ni ya kabati, sio ya fabriki. Pistola za zamani za Wajerumani, Luger, magazini ilipigwa nimero moja na pistola, lakini hiyo ni desturi yao ya kale.

Nikifuta alama ili nikae na amani?

Utapata kinyume yake. Alama ilikuwa haikutaji popote, sasa umeweka mwenyewe alama mpya yenye inasema "huyu ana kitu cha kuficha". Ku bunduki ni kosa kubwa, na haisaidii: chapa ikigongwa inabana chuma mpaka chini, na mtaalamu akiweka asidi namba inaweza kurudi kuonekana. Nimeona mtu amelima magazini safi, halali, na papiye zake zote sawa, akakaa siku mbili anaeleza kwa nini alilima.

Magazini moja inaweza kuwa na alama za nchi mbili?

Inaweza, na ndiyo nilisema mshike hesabu ya vipande vinne. Mafundi wanachanganya: resori ya hii imechoka, wanatoa ya ile, kifuniko kimepotea, wanaweka cha ingine, na Kalashnikov haikatai. Kuna moja ilikaa mezani kwangu, mwili uko na 10 ya duara mbili, kifuniko kiko na 11, ndani kiti kimepakwa rangi ya nyumba, kijani ya milango ya shule. Mwenyewe akaniuliza ni ya nchi gani. Nikamwambia mwili ni wa Bulgaria, kifuniko cha Poland, kiti ni cha fundi wa rangi, na resori Mungu anajua.